Sanduku la Akina Mama na Sanduku la Kura



Mwezi Septemba 2024 Serikali ya Sudan Kusini ilitangaza kwamba uchaguzi mkuu uliokuwa ufanyike Desemba ya mwaka huo hautafanyika, na kwamba wananchi wasubiri hadi Desemba 2026. Hilo halikuwa ahirisho la kwanza. Taifa hilo lilizaliwa tarehe 9 Julai 2011, na tangu siku hiyo hadi siku ya tangazo hilo raia wake hawakuwa wamepiga kura hata mara moja kumchagua rais wala mbunge. Mara ya mwisho walipopanga foleni kwa ajili ya uchaguzi mkuu ilikuwa Aprili 2010, nchi ikiwa bado sehemu ya Sudan moja. Mara ya mwisho waliposhika karatasi ya kura ilikuwa Januari 2011, walipoulizwa kama wanataka kujitenga, na karibu watu 99 katika kila 100 wakajibu ndiyo.

Sababu za ahirisho zilielezwa: sensa haijafanyika tangu ile ya mwaka 2008, katiba ya kudumu haijaandikwa, majeshi hayajaunganishwa, fedha hazitoshi. Kila moja ya sababu hizo ina ukweli wake, na kila moja ilijulikana mapema na wale waliopewa kazi ya kuiondoa. Lakini hatukusudii leo kuzihesabu sababu hizo moja moja. Tunakusudia kuuliza jambo jingine: Je, wananchi wa Juba, na wa Sudan Kusini kwa jumla, wamekuwa wakifanya nini katika miaka yote hii ambayo sanduku la kura halikuwafikia? Je, wamekaa tu wakingoja kama abiria wa meli isiyo na ratiba?

Hawakukaa. Na hapa ndipo penye somo kwa sisi sote wa Afrika ya Mashariki, maana tumezoea mno kudhani kwamba demokrasia huanza siku ya uchaguzi na kulala usingizi matokeo yanapokwisha kutangazwa.

Tuanze sokoni. Katika soko la Konyo Konyo, na katika masoko mengine ya Juba, wanawake wanaouza mboga, samaki wakavu, mkaa na chai wamekuwa na desturi wanayoiita sanduk. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Ni sanduku lile lile, na jambo lenyewe ni lile tunaloliita upatu. Akina mama kadhaa hukubaliana kiasi cha kutoa kwa siku au kwa juma. Fedha hukusanywa mbele ya macho ya wote. Kisha mmoja hupewa zote, na kesho zamu huwa ya mwingine. Hakuna karani wa serikali, hakuna mahakama ya kumkamata atakayekimbia na fedha za wenzake. Pamoja na hayo, sanduk limeendelea nyakati ambazo mabenki yalikuwa hayana fedha na thamani ya paundi ya nchi hiyo ikiporomoka vibaya.

Mtu anaweza kusema: hilo ni jambo la fedha, lina uhusiano gani na demokrasia? Lina uhusiano mkubwa. Ili sanduk lisimame, hapana budi wanachama wakubaliane nani ataanza kuchukua na nani atangoje. Hapana budi mshika fedha awe mtu aliyekubalika, na atakiwapo kutoa hesabu aitoe palepale. Hapana budi mwenye msiba aruhusiwe kubadilishana zamu na mwenzake, na uamuzi huo uonekane na wote kuwa ni wa haki. Mama aliyekwisha kushiriki mambo hayo kwa miaka kumi anajua maana ya uwakilishi na maana ya kuwajibika kuliko wengi walioapishwa kwa mkono juu. Hajasomeshwa na mtu. Amejifunza kwa sababu fedha zilizomo ni zake.

Tena katika sanduk moja huweza kukaa mwanamke wa Kibari, wa Kinuer, wa Kidinka na wa Kizande, kwa kuwa meza zao sokoni zinapakana. Vita vilivyoanza Juba usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 vilikata mahusiano mengi ya namna hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na Chuo cha London cha Afya na Magonjwa ya Nchi za Joto ulikadiria kwamba vita hivyo vilisababisha vifo vipatavyo 383,000, ikiwa ni pamoja na waliokufa kwa njaa na maradhi ambao wasingekufa wakati wa amani. Basi kila kikundi kinachokutanisha tena watu waliokimbiana ni jambo zito, hata kama kinachowekwa mezani ni noti chache zilizochakaa.

Isidhaniwe kwamba watu wa Juba ni wageni wa kupiga kura. Kijana wa leo huenda hajui, na baadhi ya waandishi wa ng'ambo huandika kana kwamba historia ya mji huo ilianza mwaka 2011. Baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, Juba ilikuwa makao ya serikali ya mkoa wa kusini yenye baraza lake la wawakilishi, na uchaguzi wa baraza hilo ulifanyika mwaka 1973 na kurudiwa baadaye. Mwaka 1978, baada ya uchaguzi, Abel Alier aliondoka katika uongozi wa serikali hiyo na nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Lagu, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa Anya-Nya. Tafakari, ndugu msikilizaji: mwanasheria akampisha mwanajeshi, na mwanajeshi hakuingia kwa bunduki. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na uamuzi wa Khartoum ulikuwa na uzito mkubwa. Hata hivyo ulikuwapo, mpaka Rais Nimeiri alipouvunja mkoa huo kwa amri moja mwezi Juni 1983. Kilichokosekana Juba, kwa hiyo, hakikuwa akili ya kuchagua. Kilichokosekana ni ulinzi wa kile kilichochaguliwa.

Baada ya hapo zilifuata zaidi ya miaka ishirini ya vita, na ndani ya vita hivyo kukatokea jambo ambalo kwa maoni yetu linastahili kufundishwa katika shule za nchi zetu zote. Tangu mwaka 1991, chama cha wapiganaji kilipogawanyika, Wadinka na Wanuer wa kingo mbili za Mto Nile walikuwa wakiuana, wakichomeana vijiji, wakiibiana ng'ombe na kutekana watoto na wanawake. Viongozi wa kisiasa walijaribu kupatana mara kadhaa katika mahoteli ya nje, na kila mapatano yalianguka. Ndipo Baraza la Makanisa la Sudan Mpya lilipoanza na watu wa chini. Mwezi Juni 1998 machifu wa pande mbili walikutanishwa Lokichoggio, nchini Kenya, mbali na bunduki. Wakakubaliana kukutana tena, safari hii katika nchi yao wenyewe, mbele ya watu wao.

Mkutano huo ulifanyika Wunlit, katika Bahr el Ghazal, Februari na Machi 1999. Wenyeji Wadinka walijenga kijiji kizima cha nyumba za miti na nyasi kwa ajili ya wageni ambao jana yake walikuwa adui zao. Visima vilichimbwa. Machifu wa Kinuer, kabla ya kukubali kwenda, walitaka kuhakikishiwa usalama wao, na ujumbe ulitumwa kwanza upande huu na upande ule ili watu waone kwa macho yao kwamba hakuna mtego.

Mpango wa mazungumzo yenyewe ndio unaotuvutia zaidi. Hawakuanza na madai, wala na vifungu vya mapatano. Walianza na masimulizi. Upande mmoja ulipewa nafasi ya kusema yote uliyotendewa: nani aliuawa, wapi, ng'ombe wangapi walichukuliwa, binti wa nani hajarudi. Upande wa pili ulitakiwa kusikiliza. Kisha zamu ikageuka. Wanawake walisema, vijana wa kambi za ng'ombe walisema. Baada ya hapo ndipo walipogawanyika katika kamati za kujadili ng'ombe, mateka, malisho, njia za maji na ulinzi wa mipaka. Mwisho fahali mweupe alichinjwa kwa desturi za pande zote mbili, na wahudhuriaji, mmoja baada ya mwingine, wakatia sahihi au wakapiga dole gumba katika hati ya agano. Baadhi ya waliotekwa walirudishwa kwao, na malisho yaliyokuwa matupu kwa miaka yakapata tena ng'ombe wa pande mbili.

Ni kweli kwamba agano la Wunlit halikumaliza vita vya Sudan, wala halikuzuia uhasama wa 2013. Wanaolibeza husema hivyo. Sisi tunaona kwamba jibu liko katika historia yenyewe. Wananchi waliweka agano lao. Wenye majeshi hawakuwa sehemu ya agano hilo kwa namna ya kuwafunga. Mkulima akijenga ukuta wa shamba lake vizuri, kisha tembo akaupitia, hatusemi mkulima hajui kujenga.

Tukirudi Juba ya miaka ya karibuni, tunakutana na vijana wa sanaa. Julai 2016 mapigano yalizuka tena mjini humo. Watakaokumbuka watakumbuka kwamba wakati viongozi wawili wakubwa wamo ndani ya ikulu wakizungumza, habari ya uongo ilienea katika simu kwamba mmoja wao amekamatwa, na nje risasi zilikuwa zikilia. Mamia ya watu walipoteza maisha katika siku chache. Baadaye mwaka huohuo wanamuziki, waigizaji, wachoraji na washairi wa Sudan Kusini walianzisha kundi wakaliita Ana Taban. Katika Kiarabu cha Juba maneno hayo maana yake ni "nimechoka". Nasi tunaposema mtu yu hoi taabani tunatumia neno la ukoo huohuo, kwa hiyo jina hilo latuingia bila kutafsiriwa.

Kundi hilo halikukodi ukumbi na kuwaalika mabalozi. Lilikwenda sokoni na mahali pa wazi na kucheza michezo ya kuigiza katika Kiarabu cha Juba, lugha ambayo muuza maji na mtoto wa waziri wanaielewa sawasawa. Lilichora picha katika kuta za mji. Liliimba. Mada zilikuwa zile ambazo watu walizisema kwa kunong'ona: ukabila, rushwa, vijana wanaopewa bunduki, mjane anayezungushwa ofisini. Mtu aliyeogopa kusema jambo hilo kwa kinywa chake aliliona likisemwa na mwigizaji mbele ya watu mia mbili, akacheka, na jirani yake akacheka. Anayecheka hadharani juu ya jambo ambalo jana aliliogopa amekwisha kupiga hatua.

Tusikuze mambo kupita kiasi. Wasanii hao walifanya kazi chini ya macho ya vyombo vya usalama, na ruhusa ya kukusanya watu haikuwa jambo la kuchukuliwa kirahisi. Novemba 2016, Eye Radio, kituo kinachosikilizwa sana mjini Juba, kilifungwa na maofisa wa usalama kwa takriban juma moja kabla ya kuruhusiwa kurudi hewani. Mwezi Agosti 2021, wakati kundi la wanaharakati na watu waliowahi kushika madaraka lilipoitisha maandamano ya amani, askari walijaa barabarani, mtandao wa intaneti ukakatika, na watu wakabaki majumbani. Wanawake, kwa upande wao, walikuwa wamepata njia ya kuandamana ambayo ilikuwa vigumu kuipiga marufuku kwa kisingizio cha maneno ya uchochezi. Tarehe 9 Desemba 2017 mamia yao walitembea katika barabara za Juba wakiwa wamebandika vinywa vyao kwa utepe, bila kutamka hata neno moja, kudai vita vikome. Ofisa atamshitaki mtu kwa neno gani?

Mwaka uliofuata mapatano ya amani yalisainiwa Addis Ababa, Septemba 2018, na ndani yake ikaandikwa kwamba asilimia 35 ya nafasi katika serikali ziwe za wanawake. Hatusemi kwamba matembezi yale ndiyo yaliyoandika kifungu hicho, kwani wanawake wengi walihangaika mezani na nje ya meza kwa miaka. Twasema tu kwamba kifungu hicho hakikushuka kutoka mbinguni.

Kuna jambo jingine lililobuniwa Juba, dogo kwa sura, ambalo sisi watu wa redio hatuwezi kulipita. Vita vya 2013 vilipoanza, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia katika vituo vya Umoja wa Mataifa mjini humo na kukaa nyuma ya seng'enge kwa miaka. Watu waliosongamana hivyo huishi kwa uvumi. Uvumi kwamba chakula kimekwisha, kwamba chanjo ni sumu, kwamba kesho kambi itavamiwa. Mwaka 2014 shirika la Internews lilianzisha humo huduma iliyoitwa Boda Boda Talk Talk. Vijana waliochaguliwa miongoni mwa wakazi wenyewe walifundishwa kuhoji na kurekodi. Walikusanya maswali ya watu, wakayapeleka kwa wahusika wa maji, wa hospitali na wa mgao wa chakula, wakarekodi majibu, kisha kipindi kikafungwa katika pikipiki ya magurudumu manne yenye kipaza sauti na kuzungushwa kambini. Pikipiki ilisimama mahali palipojulikana, watu wakakusanyika, wakasikiliza, na baada ya kipindi wakatoa maswali mapya.

Hebu tuangalie kilichofanyika hapo. Mtu asiye na redio, asiye na simu, asiyejua kusoma, aliuliza swali kwa jina lake na akamsikia mkubwa akilijibu kwa sauti yake. Kama jibu lilikuwa la uongo, juma lililofuata angeweza kusema hivyo, na wote wangesikia. Bunge la nchi hiyo, lililoundwa upya mwaka 2021 likiwa na wajumbe 550 wote walioteuliwa na vyama kwa mujibu wa mapatano, lina ukumbi mkubwa kuliko pikipiki ile. Sidhani kwamba muuza mkaa wa Juba aliwahi kuliuliza swali likajibiwa kwa haraka namna hiyo.

Sasa tufike penye ugumu. Mbinu ikionekana kufaa, wakubwa nao huitaka. Desemba 2016 Rais Salva Kiir alitangaza Mjadala wa Kitaifa, na mwaka 2017 ukaanza, wenyeviti wake wakiwa Abel Alier, yule yule wa 1972, na Angelo Beda. Wengi walitia shaka. Wapinzani wakubwa hawakushiriki, na wengine walisema ni njia ya kununua muda vita vikiendelea. Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Lakini likatokea jambo ambalo wenye kutia shaka hawakulitazamia. Kamati zilipokwenda mikoani na katika kambi za wakimbizi, watu walisema. Walisema kwa ukali na kwa uwazi, wakiwataja watawala, majenerali na wezi wa mali ya umma. Na wazee waliosimamia kazi hiyo, badala ya kuyafunika, waliyaandika. Mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika Juba Novemba 2020, ukataka pamoja na mambo mengine muda wa rais madarakani uwekewe mpaka. Na wasimamizi wakamaliza kwa kusema waziwazi kwamba wananchi wamepoteza imani na uongozi wa juu wa nchi.

Kisha? Kisha ripoti ikawekwa kabatini.

Hilo ndilo tatizo la mbinu zote tulizozitaja, na asiyelitaja hatendi haki kwa watu wa Juba. Mkutano, mchezo wa kuigiza, kipaza sauti na upatu vyaweza kumfundisha mwananchi kusema, kusikiliza, kudai hesabu na kukaa na aliyekuwa adui yake. Haviwezi kumwondoa kiongozi asiyetaka kuondoka. Chombo cha kufanya hivyo kwa amani ni kura, na bado hakijapatikana kingine. Kwa hiyo iko hatari ya kweli kwamba mtawala, au hata mfadhili aliyechoka na gharama, atasema: wananchi wana mabaraza yao, wana midahalo yao, wana vikundi vyao, uchaguzi wa nini? Lugha tamu ya "ushirikishwaji" huweza kugeuzwa kuwa mto wa kulazia madai ya watu. Mjadala wa Kitaifa ulikaribia kutumiwa hivyo, na kilichouokoa usiwe kiini macho ni ujasiri wa waliosema na wa waliondika.

Wako pia wanaosema kinyume chake: achana na vikundi hivyo, kazaneni na uchaguzi tu. Kwao tunaweza kuleta mfano wa Kenya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa na tume, masanduku, wino na waangalizi, na bado nchi ikatumbukia katika mauaji yaliyochukua roho za zaidi ya watu 1,000. Katika siku zilezile, Januari 2008, vijana wachache walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi, ambamo mwananchi aliweza kutuma habari za kilichotokea mtaani kwake kwa ujumbe wa simu, na habari hizo zikaonekana katika ramani. Programu hiyo baadaye ilitumika katika nchi nyingi, hata katika tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010. Lakini ubunifu huo ulikuja nyumba ikiwa tayari inawaka. Wunlit na pikipiki ya Juba zatufundisha kwamba kazi ya namna hiyo huanza kabla.

Na katika kuanza kabla, sisi wa upande huu wa Afrika tunacho cha kuwapa ndugu zetu, tena si kitu cha kuagiza ng'ambo. Mwaka 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Uchaguzi ni Wako". Watu walijiunga katika vikundi vidogo vidogo vijijini, wakakusanyika kuzunguka redio moja kwa saa iliyopangwa, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili kwa msaada wa kitabu na kiongozi wa kikundi: kura ni nini, mbunge ana kazi gani, mwananchi anaweza kumwuliza nini. Mbinu ileile ilitumiwa mwaka 1973 katika kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyofikia watu wapatao milioni 2, na vikundi havikuishia katika maneno bali vilichimba vyoo, vikafyeka majani na kusafisha visima. Kweli, Tanzania ya wakati huo ilikuwa na chama kimoja, na uchaguzi uliokuwa ukifundishwa ulikuwa na mipaka yake. Sudan Kusini haina sababu ya kuiga mipaka hiyo. Inayofaa kuigwa ni ile saa moja ya majadiliano baada ya redio kuzimwa.

Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Dar es Salaam mwezi Aprili 2016. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 6, unaitaja demokrasia, utawala wa sheria na uwajibikaji miongoni mwa misingi ambayo kila mwanachama ameikubali. Serikali za Jumuiya zimekuwa wepesi kupeleka waangalizi wa uchaguzi, wale wa kofia na fulana zinazofanana, ambao hufika juma moja kabla na kuondoka siku mbili baada. Zingeweza pia kupeleka watu wachache wanaojua kuendesha vikundi vya redio, wakae mwaka mzima, wafanye kazi na vituo vya Juba kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kinuer, Kidinka na Kizande, na kwa Kiswahili kwa wale waliorudi kutoka makambi ya Uganda na Kenya. Gharama yake ni ndogo.

Tunataja gharama kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kazi tulizoeleza, kuanzia pikipiki ya kambini hadi vituo vya redio, ilitegemea fedha za kigeni, hasa za Marekani. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na katika nchi nyingi miradi ya namna hiyo ilisimama kwa barua moja. Sanduk la Konyo Konyo halikupokea barua hiyo, kwa kuwa halikuwa katika orodha ya mtu yeyote. Wanaopanga vikundi vya kuwaandaa wananchi kwa kura wangefanya vema kuanzia hapo, katika vikundi ambavyo tayari vina wanachama wanaoaminiana, siku ya kukutana inayojulikana, na mshika fedha aliyezoea kuulizwa. Kwao itakuwa ni kuongeza redio moja juu ya meza, na saa moja baada ya hesabu kumalizika.